Kushindwa mara nyingi si kosa la Alan Keyes

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza kwenye ukurasa huu kwamba Kenya ipitishe sheria ya kumfungia nje mtu yeyote aliyekwisha kushindwa mara mbili katika kinyang'anyiro cha urais, ugavana au useneta. Anasema watu hao wanagawanya kura, wanakula michango ya wafuasi wao na hawatafuti kitu ila jina. Kama mfano wa nje alimtaja Alan Keyes wa Marekani, mchambuzi mhafidhina wa redio na televisheni, aliyewania useneta mara tatu na urais mara tatu na hakushinda hata mara moja.

Huyo Keyes namfahamu kama mpiga kura anavyomfahamu mgombea. Niliondoka Kenya mwaka 1998 kwa bahati nasibu ya viza, nikaishi vitongoji vya kusini mwa Chicago, jimbo la Illinois, nikihudumia wazee katika nyumba ya wazee hadi nilipostaafu na kurudi kwetu Voi. Mwaka 2004, Keyes alipokuja kuwania useneta dhidi ya Barack Obama, nilikuwa nimekula kiapo cha uraia miezi michache kabla, na huo ndio ulikuwa uchaguzi wangu wa kwanza kule. Nilimsikiliza kwa makini kuliko nilivyomsikiliza mwanasiasa yeyote. Mimi ni Mkatoliki, naye ni Mkatoliki. Katika jambo alilolipigania kuliko mengine yote, yaani uhai wa mtoto aliye tumboni, mimi na yeye tulikuwa upande mmoja, na mpaka leo sijahama. Kwa hiyo msomaji mwenzangu amemtaja mtu anayefaa kujadiliwa, lakini amemshtaki kwa jambo ambalo si kosa.

Sheria anayoitaka, kama ingekuwapo, ingemzuia Mwai Kibaki. Kibaki alishindwa mwaka 1992, akashindwa tena mwaka 1997, na mwaka 2002 Wakenya wakamchagua. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza bila karo mwaka 2003 aliingia kwa sababu mzee yule hakuambiwa kwamba mbili zatosha. Huko Illinois kwenyewe, ambako Keyes alikuja kushindwa vibaya, Abraham Lincoln alikosa useneta mwaka 1855 na tena mwaka 1858, kisha akawa rais katika uchaguzi wa 1860. Hayati Raila Odinga aliwania urais mara tano. Umkubali au usimkubali, ni nani angethubutu kuwaambia mamilioni waliompigia kura kila mara kwamba hawaruhusiwi kumwona kwenye karatasi? Haki ya kurudi kuomba kura ni ya mwombaji, na zaidi ni ya mpiga kura. Akichoka kumwona mtu, atamnyima. Hahitaji bunge limsaidie kuchoka.

Sasa nimzungumzie mtu mwenyewe, kwa sababu alivyoelezwa katika barua ile ni kama mpiga domo aliyeokotwa barabarani. Sivyo. Keyes alizaliwa mwaka 1950, mtoto wa mwanajeshi, akasoma Harvard mpaka shahada ya uzamivu, aliyoipata mwaka 1979. Alikuwa mwanadiplomasia India na kisha Zimbabwe, mwanzoni mwa uhuru wa nchi hiyo. Rais Ronald Reagan alimteua mwaka 1983 kuwa balozi katika Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1985 akawa waziri msaidizi wa mambo ya nje anayeshughulikia mashirika ya kimataifa. Katika wadhifa huo alitetea msimamo wa Reagan wa kukataa vikwazo dhidi ya serikali ya makaburu Afrika Kusini, mpaka Bunge la Marekani likapitisha vikwazo hivyo mwaka 1986 juu ya kura ya turufu ya rais. Mwafrika mwenye kumbukumbu hatalisahau hilo, na mimi sijalisahau. Lakini asidanganywe mtu kwamba alikuwa mjinga. Nimewasikia mapadri wengi na mawakili wengi. Sijasikia aliyeweza kusimama bila karatasi na kupanga hoja kwa ufasaha kama yule bwana.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa huku hawalijui, na linatuhusu sana. Mwaka 1984 ulifanyika mkutano wa kimataifa wa idadi ya watu mjini Mexico City. Keyes alikuwa naibu kiongozi wa ujumbe wa Marekani, na ni yeye aliyejadiliana kuhusu maneno ya msimamo uliotangazwa pale: kwamba shirika lolote la nje linalofanya au kupigia debe utoaji mimba, hata kwa fedha zake lenyewe, lisipewe msaada wa Marekani wa uzazi wa mpango. Clinton aliuondoa msimamo huo mwaka 1993, Bush mdogo akaurudisha 2001, Obama akauondoa 2009, Trump akaurudisha 2017, Biden akauondoa 2021, Trump akaurudisha tena 2025. Kila ukirudi, mashirika ya afya hapa Kenya hulazimika kuchagua kati ya kutia saini na kukosa fedha, na baada ya 2001 baadhi ya zahanati zilizokataa zilifungwa. Wengine mtaupongeza msimamo huo, wengine mtaulaani. Mimi nimewahi kubishana juu yake na dada yangu mwenyewe, ambaye ni mkunga, tukalala bila kuelewana. Ninachotaka kusema ni kwamba alama kubwa kuliko zote aliyoiacha Keyes katika maisha ya wanawake wa Kenya aliiacha akiwa afisa wa kuteuliwa, miaka minne kabla hajaomba kura ya mtu yeyote.

Kura alianza kuziomba mwaka 1988, Maryland. Mgombea wa Republican alikuwa amejitoa, chama kikamweka yeye kuziba pengo, akapata asilimia 38 dhidi ya Paul Sarbanes. Akarudi mwaka 1992 dhidi ya Barbara Mikulski, akateremka hadi asilimia 29. Katika kampeni hiyo ya pili alijilipa mshahara wa dola 8,500 kwa mwezi kutoka kwenye michango, na gumzo likawa kubwa. Najua msomaji mwenzangu atalishika hilo kwa mikono miwili. Mimi silioni kubwa hivyo. Mtu asiye tajiri akiacha kazi ili agombee, watoto wake wanakula nini? Tukikataza hilo tutabaki na wagombea wenye mashamba na majengo tu, na hapa Kenya tunajua maana yake.

Baada ya hapo akaingia redioni, akawa na kipindi chake Baltimore, na kutoka redioni akarukia urais mwaka 1996. Mwezi Machi mwaka huo, Atlanta, kituo cha televisheni kilikataa kumwingiza kwenye mdahalo wa wagombea wa Republican. Alipolazimisha kuingia, polisi walimfunga pingu, wakaondoka naye garini, kisha wakamwachia bila mashtaka. Mtu mweusi, mgombea urais, amefungwa pingu kwa sababu anataka kuongea! Hata sikuwa nimefika Marekani wakati huo, lakini wazee niliowahudumia walikumbuka, na hata wale waliomchukia walilisimulia kwa uchungu. Mwaka 2000 akawania tena. Iowa alishika nafasi ya tatu kwa asilimia 14, nyuma ya George W. Bush na Steve Forbes, na alipojitoa John McCain mwezi Machi, Keyes hakujitoa. Wengi waliokuja kumsikiliza walikuwa watu wa makanisani waliotaka kusikia mtu akisema hadharani yale waliyokuwa wakiyasema nyumbani. Hilo ni jambo jema. Mgombea asiye na matumaini ya kushinda ana kazi yake pia, ya kuwalazimisha wenye matumaini wajibu.

Angalieni Pat Buchanan, mchambuzi mwingine mhafidhina wa televisheni wa zama hizohizo. Mwaka 1992 alimpinga rais aliyekuwa madarakani, Bush mkubwa, akapata asilimia 37 katika mchujo wa New Hampshire. Mwaka 1996 alishinda mchujo wa jimbo hilo. Mwaka 2000 aligombea kwa tiketi ya Reform Party na hakufikisha hata nusu ya asilimia moja. Kwa hesabu ya msomaji mwenzangu, Buchanan alipoteza muda. Lakini uzio mpakani na Mexico, kupinga mikataba ya biashara huria, kukataa vita vya mbali, hayo yote Buchanan aliyahubiri miaka 20 na zaidi kabla ya Trump kuyatumia kushinda. Mimi sikubaliani na mengi ya hayo, nimekuwa mhamiaji. Lakini siwezi kusema kampeni zake hazikuzaa kitu.

Basi kosa la Keyes liko wapi? Mimi naliona katika namna alivyomchukulia mpiga kura.

Redio ina mazoea yake. Mtangazaji anaongea, na anayepiga simu akibisha, kidole kiko kwenye kitufe. Wanaobaki wakisikiliza ni wale wanaokubali, na mtangazaji anaanza kudhani nchi nzima ni wao. Keyes aliyabeba mazoea hayo mpaka kwenye uchaguzi. Televisheni nayo ilimpa kipindi mwaka 2002, MSNBC, kikafutwa mwaka huohuo. Miaka miwili baadaye Illinois ikamwita.

Ilivyomwita ni hivi. Jack Ryan, aliyeshinda mchujo wa Republican mwezi Machi 2004, alijitoa mwezi Juni baada ya majalada ya talaka yake kufunguliwa na mahakama. Chama kikatafuta mtu, kikakataliwa na wengi, akiwemo Mike Ditka, kocha wa zamani wa Chicago Bears. Mwezi Agosti kamati kuu ya chama jimboni ikamchukua Keyes kutoka Maryland. Hakuwa ameishi Illinois. Akapanga nyumba Calumet City. Mwaka 2000, Hillary Clinton alipohamia New York ili agombee useneta, Keyes alikuwa amesema hadharani kwamba kitendo hicho kinaharibu msingi wa shirikisho la majimbo, na kwamba yeye asingekiiga.

Mimi sikumkasirikia kwa kuhama. Calumet City na miji inayoizunguka imejaa waliohama: Wapolandi, Wamexico, weusi waliopanda treni kutoka Mississippi na Arkansas, na sisi. Ningeanzia wapi kumwambia mtu arudi kwao? Nilisubiri tu nione kama atatujua. Palikuwa na viwanda vya chuma vilivyofungwa, nyumba ambazo watu walikuwa wanashindwa kuzilipia, na sisi tunaolea wazee tuliotaka bima ya afya. Katika midahalo mitatu ya Oktoba nilingoja amtaje mtu mmoja tu aliyekutana naye Illinois. Alitaja Azimio la Uhuru la 1776. Alimtaja Lincoln. Tangu Agosti alikuwa amesema msimamo wa Obama kuhusu utoaji mimba ni msimamo wa mwenye watumwa, kwa sababu wote wawili wanamnyima binadamu ubinadamu wake. Hoja hiyo ina nguvu, nami nimeifikiria mara nyingi nikiwa kanisani. Lakini mwezi Septemba alikuwa amesema Kristo asingempigia kura Obama. Padre wangu, mzee wa Kiirishi aliyekuwa mkali kuhusu utoaji mimba kuliko hata Keyes, alitikisa kichwa na kusema Kristo hajawahi kumtuma mtu amwambie kura yake. Obama naye alijibu kwamba anagombea useneta wa Illinois na si uchungaji wake.

Hata hivyo, mpaka hapo kura yangu ilikuwa bado ya Keyes. Nawaambia ukweli huo kwa sababu huku nyumbani watu hudhani kila Mkenya aliyekuwa Illinois alimfuata Obama kwa damu. Mimi ni Mtaita. Siaya sijawahi kukanyaga mpaka leo. Baba yake Obama ametoka Nyang'oma Kogelo, na kwangu hiyo haikuwa sababu ya kumpa mtu useneta wa Marekani.

Kilichonigeuza ni maneno aliyoyasema mwanzoni kabisa mwa kampeni, mwezi Agosti, na ambayo nilikuwa nimeyapuuza: kwamba yeye na Obama wana rangi moja lakini hawana urithi mmoja, kwa sababu mababu zake yeye walitumikishwa utumwani katika nchi ile, na wa Obama hawakutumikishwa.

Kwa ukweli wa historia, kwa upande wa baba yake Obama, alisema kweli. Hakuna Mtaita aliyechuma pamba Mississippi. Uchungu ule ni wao, na sisi tuliofika kwa ndege hatuna haki ya kujitwalia. Keyes alipopendekeza kwamba wazawa wa watumwa wasamehewe kodi ya mapato ya serikali kuu kwa kizazi kimoja au viwili, kama fidia, nilimwunga mkono kwa moyo wote. Lakini ukweli ukisemwa kwenye jukwaa la kura unafanya kazi nyingine. Unawaambia watu: huyu si wenu.

Nilikuwa namhudumia bibi mmoja aliyezaliwa Mississippi, ambaye nyanya yake mzaa baba alizaliwa mtumwa. Alikuwa amelala kitandani, na televisheni ilikuwa inarudia maneno hayo. Nilikuwa namgeuza ubavu ili asipate vidonda. Akaniuliza, "Kwa hiyo wewe unayenigeuza si wangu?" Hakuwa anatania. Alitaka jibu. Nikamwambia mimi ni wake. Akasema basi azimwe yule mtu, nikazima.

Usiku ule ilinijia Likoni, kule Mombasa. Msomaji kijana huenda halijui hili. Agosti 1997, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, nilikuwa nimepanga Likoni. Vijikaratasi vilisambazwa vikiwataka watu wa bara warudi kwao. Kisha kituo cha polisi kikavamiwa, na watu zaidi ya 100 wakauawa katika wiki zilizofuata, na maelfu wakakimbilia Kanisa Katoliki la Likoni wakiwa na magodoro na watoto. Mimi, kwa kuwa Taita huhesabiwa Pwani, sikuguswa. Majirani zangu wa ukuta mmoja, watu wa Kisumu waliokuwa wamezaa watoto wote Mombasa, niliwapelekea uji pale kanisani. Kabla ya panga palikuwa na maneno, na maneno yenyewe yalikuwa mepesi kabisa: ninyi si wa hapa, urithi huu si wenu. Sisemi Keyes alitaka damu ya mtu. Hakutaka, na Illinois si Likoni. Nasema niliyatambua maneno, na mtu aliyekwisha kuyaona yalikoishia hawezi kuyapigia kura. Nilimpigia Obama, nikijua vizuri tunatofautiana wapi, na nikamwandikia barua ofisini kwake kuhusu watoto walio tumboni. Nikajibiwa kwa adabu.

Matokeo mnayajua: Obama asilimia 70, Keyes 27. Siku hiyohiyo, katika jimbo hilohilo, Bush alipata asilimia 44 na ushei. Maana yake maelfu kwa maelfu ya watu waliomchagua rais wa Republican hawakuweza kumchagua seneta wa Republican kwenye karatasi ileile. Wengi wao walikuwa wahafidhina wa kweli, watu wa makanisa yaleyale aliyokuwa akihutubia. Walimpa jibu. Keyes hakumpigia Obama simu ya kumpongeza, na baadaye akaeleza redioni kwamba kufanya hivyo kungekuwa unafiki, kwa kuwa asingeweza kupongeza ushindi wa kitu anachokiona kuwa uovu. Hapo ndipo nilipoona mtu aliyekuwa anaomba kura bila kukubali kwamba mwenye kura anaweza kukataa. Wapiga kura milioni 3.6 waliompa Obama kura walikuwa wamesema jambo. Yeye alisikia dhambi tu.

Mwaka 2008 akawania urais kwa mara ya tatu. Akiwa katikati ya kampeni akahama Republican, akaomba tiketi ya Constitution Party, akaikosa kwa Chuck Baldwin, akaishia na chama kidogo kilichompa kura 47,000 na ushei nchi nzima. Na baada ya Obama kushinda, akaenda mahakamani California, Novemba mwaka huohuo, kudai uraia wa Obama wa kuzaliwa uthibitishwe. Lile neno la 2004, si wa urithi wetu, lilikuwa sasa limekuwa si wa nchi yetu.

Madai hayo, Mhariri, yalitufikia mpaka Pwani. Katika shauri jingine la California ambalo Keyes alikuwa mmoja wa walalamikaji, wakili wao Orly Taitz aliwasilisha mwezi Agosti 2009 karatasi aliyosema ni nakala ya cheti cha kuzaliwa cha Obama kutoka hospitali kuu ya Mkoa wa Pwani, Mombasa. Karatasi iliandikwa "Jamhuri ya Kenya" na tarehe ya Februari 1964. Mtoto wa shule ya msingi hapa Kenya anajua jamhuri ilizaliwa tarehe 12 Desemba 1964. Haikupita wiki ikaonekana imenakiliwa kutoka cheti cha mtu wa Australia. Obama alizaliwa Honolulu, Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961. Jaji David Carter aliitupilia mbali kesi mwezi Oktoba 2009, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2011. Mimi mwenyewe nimezaliwa Mombasa, na katika miezi ile wafanyakazi wenzangu waliponiuliza nimezaliwa wapi, nilipotaja mji huo kuna waliocheka. Mji wa watu, wenye wauguzi na wakunga na kumbukumbu zake, ukafanywa mahali ambapo uongo unatengenezwa. Sijawahi kusikia mtu yeyote wa kesi ile akiomba radhi kwa Mombasa. Hilo linaniuma mpaka sasa, na sitalificha.

Kwa hiyo namjibu msomaji mwenzangu hivi. Sheria yake ingemfungia Keyes nje baada ya mwaka 1992 na isingetibu kitu. Angebaki redioni, angeingia mahakamani, na wale waliomwamini wangekuwa na sababu ya kusema sauti yao imezibwa, kama walivyosema ile siku ya pingu Atlanta. Waacheni wagombea. Yule wa mara ya tatu, yule wa mara ya nne, wenye vyama vidogo na wenye redio, waacheni waje.

Ombi langu nalielekeza kwako wewe, Mhariri, na kwa waandishi wako. Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na tayari naona kwenye kurasa zenu sura za watu walioshindwa 2017 na 2022, na watangazaji wawili watatu wanaoacha maikrofoni ili wawanie ubunge na ugavana. Mnapowahoji, mnawauliza juu ya miungano na fedha. Naomba muwaulize pia waliishi wapi tangu waliposhindwa. Muwaulize ni nani katika eneo hilo aliyewahi kuwabadilisha mawazo, hata kwa jambo dogo. Na karibu na picha ya kila mmoja chapisheni maneno yake mwenyewe ya siku matokeo yalipotangazwa mara iliyopita: kama alikwenda mahakamani, alileta ushahidi gani na mahakama ilisema nini, kama alikubali, alikubali kwa maneno yapi. Na mgombea yeyote atakayesema mwenzake si wa hapa, andikeni jina lake, mahali aliposimama na tarehe, ukurasa wa kwanza, siku ileile.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Voi, Taita-Taveta